Bi harusi anasema niiache klipu yake, mama mkwe wake anasema niifute

Shikamoo mama,

Mimi ni fundi wa kope hapa Tanga, nina miaka 28, mume na mtoto mmoja. Ufundi niliupata Dar es Salaam, kwa dada mmoja wa Sinza, kabla sijaolewa. Naunga kope za bandia, moja moja na zile za vishada. Zile za mkanda mzima za kubandika asubuhi zikatoka jioni sizifanyi. Nimekodi fremu ndogo Ngamiani, ina kitanda, taa ya duara, feni na kioo. Kitanda na taa nilivinunua kwa mkopo wa kikoba na deni bado sijalimaliza.

Mwanzoni wateja walikuwa wa kuhesabu. Majirani, mashoga, na watu wa sikukuu na harusi. Ramadhani ndiyo kabisa, watu hawaji kwa sababu ya mambo ya udhu. Mtaa wa pili kuna binti ana ukurasa mkubwa Instagram, anajirekodi, anacheza, folowazi kibao. Kope zake hazifiki wiki. Wengine wanakuja kwangu niwatoe zilizobaki, nakuta kope tatu nne za mtu zimegandishwa pamoja na gundi kama uji. Lakini kitanda chake hakipoi, changu kinashinda kitupu.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mtu. Mwenye gari aliliuza, na tangu hapo anashika vibarua. Yeye ndiye aliyenifungulia ukurasa. Nikawa naposti macho tu, jicho kabla na jicho baada. Laiki zilitoka kwa mashoga zangu basi. Shida ni kwamba wateja wangu wazuri, wanaolipa Sh 35,000 bila kupatana na wanarudi kujazisha zilizoanguka, ni wale wanaokuja na buibui na nikabu. Neno lao la kwanza wakishajilaza ni "usinitoe mtandaoni."

Shaabani iliyopita alikuja bi harusi mmoja na shoga yake. Mwenyewe ndiye aliyetaka nimrekodi. Nikamrekodi tangu anaingia uso mkavu mpaka anafumbua macho mbele ya kioo, anacheka huku machozi yanamlenga. Nywele zilikuwa wazi, maana alikuwa ametoka kusukwa. Usiku akaniandikia WhatsApp: "Posti, umenipendezesha." Ujumbe ninao mpaka leo.

Klipu ile ilitazamwa na watu zaidi ya 40,000. Inboksi ikajaa. Wengi walikuwa Dar, Arusha, hata Mombasa, wengine wakauliza bei wakapotea. Ila na wa hapahapa Tanga wamekuja, wanasema "nataka kama za yule bi harusi."

Baada ya harusi akaja mama mkwe wake, yeye na dada yake. Hakupiga kelele. Wakakaa, nikawaletea soda, wakakataa. Akasema yule sasa ni mke wa mtu, nywele zake na macho yake hayawezi kuwa tangazo la fremu. Akaniomba niifute, kwa wema. Walipoondoka nikampigia bi harusi. Akasema: "Usifute. Sura ni yangu. Nikikubali hili, kesho ni simu yangu, keshokutwa ni kazi yangu." Akaanza kulia kwenye simu.

Mume wangu anasema nisiguse kitu. "Hiyo klipu ndiyo inayolipa kikoba. Mwenye sura amekubali, mama mkwe ni nani?" Anataka pia nianze kujitokeza mwenyewe, niingie TikTok laivu, nichangamke. Mimi nikiona kamera ulimi unakuwa mzito.

Wiki ileile mteja wangu mmoja wa nikabu, akiwa amefumba macho kitandani, aliniuliza: "Na sisi siku moja utatutoa?" Nilimwambia hapana. Wakati wake wa kujazisha umefika na kupita, hajarudi.

Juu ya hayo, kuna mtu Arusha ameichukua klipu, amefuta jina langu na kuiweka kwenye ukurasa wake kama kazi yake.

Nikifuta, namgeuka bi harusi na najikatia riziki. Nikiiacha, nagombana na familia tunayokutana nayo kila shughuli. Mama, nifanyeje?

Fundi wa Kope, Tanga

*

Marahaba mwanangu,

Pole, na hongera pia. Kope zinazomtoa bi harusi machozi ya furaha mbele ya kioo zimetoka kwenye mkono unaojua kazi.

Nikikuelewa vizuri, watu wanne wamekuja kwako na kila mmoja ameshika upande wake wa klipu moja. Bi harusi anataka ibaki kwa sababu ni sura yake. Mama mkwe anataka iondoke kwa ajili ya heshima ya nyumba yake. Mumeo anataka ibaki kwa sababu ya deni. Na yule mteja wa nikabu hakutaka kitu, aliuliza swali tu, na nadhani swali lake ndilo lililokufanya uandike barua hii. Wewe mwenyewe unataka nini, hukusema. Nitarudi hapo.

Kwanza nikuulize kuhusu hesabu. Unaandika kwamba ukiifuta unajikatia riziki. Je, umeshahesabu? Waliotazama ni elfu arobaini, lakini aliyeko Arusha hapandi basi kuja Ngamiani kujazisha kope. Kazi yako, kama unavyojua kuliko mimi, inaishi kwa kurudi. Kope za mtu zinaanguka zenyewe kila siku na kuota nyingine, kwa hiyo baada ya wiki mbili tatu lazima zijazwe. Mteja anayerudi kila wiki tatu anajilaza kwenye kitanda chako mara 17 kwa mwaka. Sasa weka wateja wawili wa namna hiyo upande mmoja, na inboksi nzima ya "bei gani dada" upande wa pili.

Sisemi klipu haina faida. Umesema watu wa Tanga wamekuja kwa sababu yake, nami nakuamini. Ninachotaka ni ujue ni wangapi, na wangapi kati yao wamerudi. Chukua daftari, kila anayeingia muulize "umenijuaje?" na uandike. Baada ya mwezi utakuwa unabishana na mumeo kwa daftari, maana sasa hivi nyote wawili mnabishana kwa hofu. Daftari hilo liwe na namba za simu pia. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa karibu saa sita, na aliyekuwa na wateja wake wote humo hakuwa na pa kuwapata.

Hata kitanda cha yule binti wa mtaa wa pili unakiona kwa nje tu. Wewe mwenyewe ndiye unayewatoa kope wateja wake. Anayehitaji wapya kila wiki kwa sababu wa zamani hawarudi, lazima acheze kila wiki.

Tuje kwa bi harusi. Amekwambia "kesho ni simu yangu, keshokutwa ni kazi yangu." Mwanangu, maneno hayo hayahusu kope. Huyo binti ameingia kwenye nyumba ambayo anaanza kupimana nguvu na wenyeji, na klipu yako ndiyo ya kwanza kugombaniwa. Anaweza kuwa ana haki kabisa. Mtu mzima akisema sura ni yangu, mimi siwezi kumwambia si yake. Lakini jiulize kama anakuomba uilinde klipu au umsaidie kushinda. Ya kwanza fundi anaiweza. Ya pili ni nzito, kwa sababu mwisho wa siku yeye analala kwenye nyumba ile na wewe unalala kwako.

Na bwana harusi yuko wapi kwenye barua yako? Mama yake amekuja, mke wake amelia, yeye hatajwi popote. Huenda hajui. Huenda anajua na amejificha nyuma ya mama. Sikutumi kwake, hiyo si kazi yako. Ila ukizungumza tena na bi harusi, ana kwa ana na bila shoga pembeni, unaweza kumuuliza mumewe anasemaje. Jibu lake litakuonyesha mengi, hata akinyamaza.

Mama mkwe pia tumtazame kwa haki. Wapo wasomaji watakaosema ni mbabe. Mimi namwona mtu aliyekuja kwa miguu yake, akakaa, akazungumza taratibu na kuomba "kwa wema." Soda alikataa, ni kweli, na sisi watu wa pwani tunajua soda iliyokataliwa ina maana yake. Lakini hukuniambia kama ulimuuliza kinachomuuma hasa. Ni nywele kuwa wazi? Ni macho? Ni kwamba aliiona kwenye simu ya mtu wa nje kabla hajaambiwa na mtu? Hayo ni matatu tofauti. Kama ni nywele, klipu inaweza kukatwa ibaki macho peke yake, na kope ndizo unazouza. Kama ni kutoambiwa, kukata hakutamsaidia, lakini kukaa naye tena kunaweza kusaidia. Na kama atasema jicho ni jicho, basi utajua umefika mwisho wa mazungumzo naye.

Kope za wanawake zina wasemaji wengi katika nchi hii, usidhani ni mama mkwe huyu tu. Mwaka 2018 Spika wa wakati huo, Job Ndugai, aliwapiga marufuku wabunge wanawake kuingia bungeni na kope na kucha za bandia, kwa hoja ya afya. Kama kope zilifika Dodoma, hazishindwi kufika sebuleni kwa watu.

Sasa njia zilizopo, nami nitakwambia kila moja inauma wapi.

Ukiiacha kama ilivyo, unasimama na aliyekuruhusu, na ujumbe wake unao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na picha ya sura ya mtu ni taarifa yake. Ruhusa ni ya mwenye sura, si ya mkwewe. Lakini ruhusa iliyotolewa usiku wa furaha inaweza kuondolewa asubuhi ya ugomvi. Akikuandikia kesho "ifute," ule ujumbe wa kwanza hautakusaidia kitu. Na sheria haikai nawe kwenye shughuli watu wakikupa mgongo.

Ukiifuta kimyakimya, utamridhisha mama mkwe, na bi harusi ataigundua mwenyewe akiingia kwenye ukurasa. Hapo ndipo atakapoona umemgeuka, zaidi ya kama ungemweleza kabla. Ukiamua kuelekea huko, yeye ndiye wa kwanza kuambiwa, kwa sauti, si kwa ujumbe.

Katikati kuna kitu ambacho watu wengi hawakitumii. Instagram inakuruhusu kuiweka posti kwenye hifadhi: inaondoka machoni pa watu lakini haifutiki, laiki na komenti zake zinabaki, na unaweza kuirudisha siku yoyote. Inawapa watu muda wa kupoa. Ubaya wake ni kwamba kila upande unaweza kuhisi umedanganywa: mmoja aone umeificha, mwingine aone hujaifuta. Usiitumie bila kuwaeleza wote wawili ulichofanya.

Kuhusu mumeo, nimesimama kwenye mstari mmoja wa barua yako: gari liliuzwa, na yeye ndiye aliyekufungulia ukurasa. Mwanamume aliyezoea usukani, leo anashika vibarua, na kitu pekee alichokianzisha kikaonekana ni klipu ile. Ukimwambia "naifuta," anaweza kusikia "ulichofanya hakina maana." Labda mpe sehemu ya kazi ambayo haihitaji sura ya mtu: ajibu inboksi, apokee arubuni ya M-Pesa ili watu wasikutie hasara ya nafasi, na daftari nililosema alishike yeye. Akiona mwenyewe nani anarudi na nani anapotea, huenda akabadilika, au akakuonyesha kitu ambacho mimi sikioni kutoka hapa.

TikTok laivu usilazimike. Anayekuja kuunga kope anataka kuona mkono, na mkono wako hauna aibu ya kamera. Rekodi kibano kinavyotenga kope moja na za jirani yake. Rekodi kichwa cha sanamu cha mazoezi. Mteja akikubali, rekodi kwa karibu jicho lenye kope zilizogandishwa na jinsi unavyozitoa bila kung'oa za asili; hiyo mtu wa mtaa wa pili hawezi kuiposti. Onyesha unavyojaribu gundi kwa tone dogo siku moja au mbili kabla, ukisubiri kuona kama ngozi itavimba au kuwasha. Eleza kwamba gundi yetu hukauka kwa unyevu wa hewani, na hewa ya Tanga mnaijua wenyewe, kwa hiyo fundi asiyeangalia hali ya hewa anaunga kope zinazoanguka Ijumaa. Maneno yaandike juu ya video, huna haja ya kusema hata neno. Weka "Tanga, Ngamiani" kwenye jina la ukurasa ili anayetafuta fundi wa karibu akuone. Na bei iandike, tafadhali! "Bei njoo inboksi" inawachosha watu, wanadhani unataka kuwapima mavazi kwanza.

Wateja wako wa nikabu wana mtandao wao pia, ila hauonekani kwenye simu. Ni ukumbi wa singo, ni somo anayemwandaa mwali, ni mazungumzo ya wanawake wakisubiri hina ikauke. Huko jina lako linatajwa au halitajwi. Fikiria kibao kidogo ukutani, "Hapa hurekodiwi mpaka uombe," na karatasi ya kusaini kwa anayekubali, ichague macho tu au uso mzima, na kwa muda gani. Hata Ramadhani si lazima iwe mwezi mkavu: watu wanahitaji kutolewa kope kabla mwezi haujaandama, hiyo ni kazi ya kulipwa, na hapohapo unawaandikia nafasi ya Idi. Swali la udhu lenyewe waachie wenye elimu ya dini, usimjibu mteja kwa kubahatisha ili asiondoke.

Yule aliyeacha kuja, umemtumia hata salamu? Inawezekana swali lake ndilo lililomwondoa. Inawezekana amesafiri, ana mgonjwa, au hana pesa mwezi huu. Unabeba hukumu ambayo hujaisikia.

Nilisema nitarudi kwako. Barua nzima umeandika nani atakasirika ukifanya hivi na nani ukifanya vile. Kama wote wanne wangekwambia "fanya utakavyo, hatutakasirika," klipu ungeifanyaje? Huna haja ya kunijibu mimi. Lakini likikujia jibu haraka, usilipuuze kwa sababu tu ni lako.

Mwisho, huyo wa Arusha. Video umeirekodi wewe, na Instagram wana fomu ya kuripoti kazi iliyochukuliwa bila idhini; ijaze, mumeo akusaidie. Lakini kabla ya fomu kuna simu ya kupiga. Bi harusi aliruhusu sura yake ikae kwenye ukurasa wako. Ukurasa wa mtu asiyemjua Arusha hakuuruhusu, na kwa barua yako sioni kama amejulishwa. Yeye anaipigania klipu akidhani iko mahali pamoja. Anahitaji kulijua hilo kabla hajaamua lolote, na alisikie kutoka kwako kabla hajatumiwa na wifi. Akishajua, muulize tena. Kisha niandikie amesemaje.